Shimo la Nane

Mchezo wa nne tulifungwa saa tano na dakika arobaini asubuhi, mbele ya watu elfu tatu, na katika ukumbi mzima mimi ndiye niliyechelewa kuelewa kwa nini.

Ukumbi wa Isegwa ulijaa hadi kwenye ngazi. Katikati ya jukwaa palikuwa na bao la mninga lenye mashimo thelathini na mawili, na kete za komwe zilizosuguliwa zikang'aa. Juu yake ilining'inia mikono miwili ya chuma, kila mmoja na vidole vitatu. Wa kulia ulikuwa wa Mizani, mtambo wangu, bingwa kwa miaka minne. Wa kushoto ulikuwa wa Kidawa, mtambo wa Nyamizi Kasanda kutoka Lukando. Mizani ilichota kete, ikazipanda mojamoja, ikaishia pabaya. Kidawa ikala. Ikapanda, ikala tena, ikazunguka mpaka safu ya mbele ya Mizani ikabaki tupu, na watu wa Lukando wakainuka wakipiga vigelegele kama wamepata mtoto.

Mbili kwa mbili. Ulibaki mchezo mmoja.

Mgeni angedhani sisi watu wa Bondeni tunapenda michezo kupita kiasi. Si hivyo. Kwetu, anayeshinda bao ndiye anayefungua maji. Tulipitia miaka ambayo kila mji ulilinda lango lake la mfereji kwa mapanga, na tulipoajiri wahandisi tuliwakataa wote, maana kila mhandisi ana kwao na kwao kuna shangazi. Tukaamua maji yagawiwe na mtambo. Ila nani atauamini mtambo ambao haoni ndani yake? Ndipo Baraza la Maji likasema mitambo ishindanishwe kwa bao, mchezo ambao bibi asiyejua hata kuwasha kompyuta anaweza kuufuata kwa macho yake. Bao ni kugawa kete kwenye mashimo. Safu ya mbele ina mashimo manane, na mfereji wetu una malango manane. Thamani ambayo mtambo umejifunza kulipatia kila shimo, ndiyo hiyo hiyo unayolipatia kila lango ukishakabidhiwa kazi. Lango la kwanza ni la Isegwa. La nane ni la Lukando, mwisho wa mfereji. Ukivuka Lukando ni mchanga tu.

Kwa hiyo kwa miaka minne nilikuwa mtu mkubwa. Niliitwa Mhandisi Sikudhani hata na watu walionizidi umri, na nikikuta foleni napishwa. Nilizoea haraka, sitasema uongo.

Mstari wa mbele aliketi Bwana Mbwani, mwenyekiti wa Lukando, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Aliweka mikono juu ya magoti, na viganja vyake vilikuwa na sugu kubwa za njano. Nilijua zimetoka wapi. Alikuwa ameniandikia barua kumi na moja kulalamika kwamba maji hayafiki, na zote nilizijibu kwa sentensi mbili: Mtambo hauna upendeleo. Kagueni mabomba yenu, yanavuja. Nikapiga muhuri, nikatia sahihi. Nao wakakagua. Walichimba Lukando yote kwa majembe, wanawake na watoto wa shule wakiwemo, kilomita tisa za mabomba, wakayafukua na kuyaunga upya, kisha wakaandika tena kwamba maji bado hayafiki. Nikawajibu zile sentensi mbili.

* * *

Kanuni ya mashindano inasema aliyefungwa mchezo uliotangulia, yeye peke yake, anaruhusiwa kurekebisha jambo moja katika mtambo wake. Ana saa nzima. Analiandika kwenye karatasi, karatasi inafungwa kwenye bahasha, na bahasha inasomwa hadharani mchezo wa mwisho ukiisha. Mshindi wa mchezo uliotangulia hagusi kitu.

Nilijifungia katika chumba cha mafundi nikauangalia mchezo wa nne tangu mwanzo, polepole. Mara ya kwanza sikuona kitu. Mara ya pili niliacha kuangalia kete zinakokwenda, nikaangalia zisikokwenda. Mizani haikuwahi kwa hiari yake kuishia kwenye shimo la nane, lile la mwisho kushoto. Ilipokula na kupewa uhuru wa kuanza kupanda kulia au kushoto, ilianza kulia. Mara kumi na tisa kati ya ishirini. Hata pale ambapo kushoto palikuwa na ushindi wa wazi, ilikwenda kulia kama mtu anayekwepa mlango wa anayemdai.

Nikaigeukia Kidawa. Kidawa nayo ilikuwa ikifanya vile vile.

Mitambo miwili iliyotengenezwa na watu wawili, katika miji miwili, inaweza kufanana kwa uhodari. Haiwezi kufanana kwa kasoro.

Mlango uligongwa. "Hodi humo ndani."

Nilizima kioo cha kompyuta. "Karibu."

Aliingia Nyamizi, amefunga kitenge juu ya suruali, mkononi ana kifurushi cha gazeti. Tulikuwa hatujakaa chumba kimoja, mimi na yeye tu, kwa miaka kumi na miwili.

"Nimekuletea kashata, shoga," alisema. "Najua ukibanwa huwa huli."

"Hujaacha tu?"

"Niache kwa nini? Mtihani wa mahesabu uliupita kwa kashata zangu."

Tulicheka, na kicheko changu nilikisikia kikitoka kikavu. Alivuta kiti akaketi, akamega kashata, akanipa kipande kikubwa. Alikuwa amekonda. Nywele za pembeni zilianza mvi, naye ni mdogo kwangu kwa mwaka mzima.

"Mama hajambo?" niliuliza.

"Hajambo kidogo. Ule mguu haukupona sawasawa, lakini anatembea. Kisima cha zamani kiko mbali, basi anakwenda na kurudi, anapumzika njiani mara mbili." Alilamba vidole. "Siku, unajua mtambo wako unacheza kama mama?"

Nilitafuna. Nilitafuna muda mrefu kuliko kashata ile ilivyohitaji.

"Lile bao letu la nyumbani liliingiwa na mchwa," aliendelea. "Mimi nilizaliwa nikalikuta hivyo. Shimo la mwisho kushoto limeliwa ndani kwa ndani, kete ikitumbukia humo haitoki mpaka uichokonoe kwa kijiti, na watu wanakusubiri, wanakucheka. Kwa hiyo kwetu sote tulijifunza kulikwepa. Mama alilikwepa, mimi nikalikwepa, na tukisafiri tukacheza kwenye bao zima la watu tunalikwepa vile vile. Watu walitushangaa." Akanitazama. "Sasa leo namwona Mizani naye anaogopa mchwa."

Alikaa, mikono imelegea mapajani, akasubiri. Ukutani saa ilionyesha sita na robo.

Ningeweza kusema pale pale. Mlango ulikuwa umefungwa, hakukuwa na kipaza sauti, hakukuwa na Mbwani. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyestahili kulisikia neno lile kabla ya wengine, naye alikuwa mbele yangu ameshika gazeti la kashata.

"Ajabu hiyo," nilisema. "Labda mitambo yote ina tabia hiyo."

"Labda," alisema Nyamizi. Aliinuka, akakung'uta makombo kwenye kitenge. "Haya, nikuache ufanye kazi. Kashata zilizobaki ni zako."

* * *

Sikuvunja mlango wa mtu. Niliachiwa kitu nikitunze.

Mwaka wetu wa mwisho chuoni, mama yake Nyamizi alianguka akavunjika mguu, na Nyamizi, binti pekee, akarudi Lukando kwa wiki mbili ambazo hazikuisha. Aliniachia diski. Humo mlikuwa na mtambo wa bao aliokuwa akiujenga, umefunzwa kwa michezo elfu nne ambayo yeye na mama yake walicheza na kuiandika kwenye madaftari tangu akiwa darasa la tatu; madaftari yenyewe yalibaki kwao. "Nitunzie," aliniambia kituoni. Mwaka wa kwanza niliitunza. Mwaka wa pili niliifungua. Mwaka wa tatu niliubadilisha sura, nikaupa mwendo wa haraka na uwezo wa kuangalia mbele hatua mia, kazi ambayo kweli ni yangu na niliifanya vizuri. Ila moyo wa mtambo, zile tarakimu milioni mbili zinazosema shimo gani lina thamani gani, sikuwahi kuugusa. Wala kuufungua. Sikutaka kukutana na mwandiko wake humo.

Siku ile niliufungua kwa mara ya kwanza. Nilichimba nikafika kwenye mashimo. La kwanza kumi, la pili kumi, la tatu kumi na kidogo, hivyo hivyo hadi la saba. La nane: sita na kidogo. Pale kila mji ulipopata ndoo kumi, Lukando walipata sita kutoka langoni, na katika kipande cha mwisho cha mfereji, kwa jua letu, hizo sita zilifika nne. Na juu ya tarakimu ile, Nyamizi alikuwa amejiandikia kumbukumbu, kwa Kiswahili, kama alivyokuwa akijiandikia kila kitu: Hili limeharibiwa na bao letu bovu. Usisahau kulisawazisha kabla ya kazi yoyote ya kweli.

Niliisoma mara tatu. Nilijisikia joto usoni, peke yangu chumbani, kama nimevuliwa nguo. Miaka minne nilikuwa nikiwaambia watu mabomba yao yanavuja, na dawa yao ilikuwa imeandikwa ndani ya kitu nilichomwibia mtoto wao, mstari mmoja juu ya ugonjwa.

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyojidanganya, maana nilijidanganya kwa ufundi. Nilijiambia: nikiinuka sasa hivi nikasema ukweli, mashindano yatavunjika, malango yatafungwa wiki nzima Baraza likibishana, na miji minane itakosa maji. Nikajiambia: nikinyamaza bila kurekebisha, Kidawa inaweza kushinda, nayo itapewa malango ikiwa na mchwa ule ule, na Lukando wataendelea kukauka. Lakini nikirekebisha kimya kimya, Mizani itashinda, Lukando watapata ndoo zao kumi kuanzia kesho, na hakuna atakayeumia. Hakuna hata mmoja. Ilikuwa hesabu nzuri, na jina langu lilikaa salama katikati yake, nami nilijitia kutoliona.

Saa sita na nusu niliandika kwenye karatasi: Kigezo 0088, kutoka 6.2 hadi 10. Nikaandika hivyo makusudi, kwa tarakimu. Nikaitia kwenye bahasha.

* * *

Mchezo wa tano haukuwa mchezo.

Mizani ilicheza kama mtu aliyefunguliwa kamba mkono mmoja. Ilianzia kushoto, ikaishia kushoto, ikajaza shimo la nane kete hadi zikawa kichuguu. Kidawa, ambayo haikujua kwamba mtu anaweza kwenda upande ule, ilijilinda kulia na kuliacha shimo lake la nane wazi, na Mizani ikala pale, ikala pale, ikala pale. Dakika kumi na mbili. Isegwa yote ilisimama ikaimba jina la mtambo, halafu ikaimba langu.

Niliitwa jukwaani. Mila ya bao letu ni kwamba aliyefungwa ndiye anayeokota kete na kumkabidhi mshindi mfuko, ili wasiachane na kinyongo. Nyamizi alikuja, akainama, akaanza kuokota. Mashimo mengine aliyakomba kwa kiganja. Alipofika kwenye shimo la nane la Mizani alizitoa mojamoja.

"Umelisawazisha," alisema bila kuinua kichwa.

"Nyamizi..."

"Asante. Mama atapata maji karibu." Aliweka kete mfukoni. "Mimi ningelisawazisha kesho asubuhi, kabla ya kushika lango lolote. Nilikuwa nimelisahau, nimelikumbuka leo katikati ya mchezo wa nne. Ila wewe ndiye uliyefungwa, wewe ndiye uliyeruhusiwa kugusa." Kete nyingine. "Nikasema nikufuate nikupe nafasi uniambie mwenyewe. Nilikupa robo saa nzima, Siku. Na kashata."

Hesabu yangu nzuri ilimalizikia pale. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, nayo ikabaki mbao ngumu za jukwaa.

Msimamizi, Bi. Nangali, hakimu mstaafu ambaye hakuwahi kuharakishwa na mtu, alikuwa ameshafungua bahasha. Alivaa miwani. "Rekebisho la Mizani," alisoma kwenye kipaza sauti. "Kigezo sifuri sifuri nane nane, kutoka sita nukta mbili hadi kumi." Alinigeukia. "Mhandisi, hii ndiyo nini? Kanuni inasema rekebisho lielezwe kwa Kiswahili cha wazi, kila mtu aelewe."

Alinisogezea kipaza sauti.

"Ni thamani ya shimo moja," nilisema. "Ilikuwa chini kidogo. Nimeiweka sawa na nyingine."

Watu walipiga makofi. Bi. Nangali hakuondoa kipaza sauti. "Shimo lipi?"

"La nane."

Makofi yalikuwa yakiendelea bado nilipomwona Bwana Mbwani akisimama. Alisimama taratibu, akashusha shati lake, akainua mkono kama mwanafunzi, akaungoja ukumbi unyamaze. Ulinyamaza.

"Samahani, Mhandisi," alisema. "Shimo la nane si ndilo lango la nane?"

"Ndilo."

"Ilikuwa chini tangu lini hiyo thamani?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeiva. Tangu mchezo wa nne. Maneno manne tu, na nani angebisha? Nyamizi hangebisha. Nilijua hangebisha, nilimjua. Angefunga mfuko, angenikabidhi, angepanda gari kurudi Lukando na kunisitiri mpaka kufa kwake, na hilo ndilo sikuweza kulibeba. Nilimtazama. Alikuwa bado ameinama juu ya bao, kete moja imebaki kwenye shimo, haokoti.

"Tangu mwanzo," nilisema. "Miaka minne."

Ukumbi ulivuta pumzi. Nikaendelea, maana nilijua nikikaa kimya sitaanza tena. Nilisema mtambo si wangu. Nilisema ni wa Nyamizi Kasanda, kwamba aliniachia nimtunzie nikaufanya wangu, kwamba kasoro ile ilitokana na bao la kwao, na yeye mwenyewe alikuwa ameandika onyo, nami sikulisoma kwa sababu niliona haya kufungua kitu nilichoiba. Nililisema vibaya. Nilirudia maneno, nililia katikati kwa namna isiyopendeza, na watu wa Isegwa waliokuwa wakiimba jina langu walianza kuzomea. Bi. Nangali alinyanyua mkono kuwatuliza, akaandika kitu kwenye kitabu chake. Ubingwa ulikwenda pale pale, kwa mstari mmoja wa kalamu. Nilitarajia Nyamizi aseme neno. Aliokota ile kete ya mwisho, akafunga mfuko, akauweka juu ya bao katikati yetu bila kumpa mtu.

Bwana Mbwani alikuwa bado amesimama. Habari ya mtambo ni wa nani ilimpita tu. Alikuwa akinisubiri nimalize, kwa adabu, kama alivyozisubiri barua zangu.

"Mhandisi," alisema, "nina swali moja dogo, kisha niketi."

"Uliza, baba."

"Kwa hiyo mabomba yetu hayakuwa yanavuja?"

Nilitazama viganja vyake.

"Hayakuwa yanavuja," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Kisha aligeuka nyuma, kwa watu wake waliojazana kule mwisho, ambako spika zilikuwa hazifiki vizuri, akawaambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hayakuwa yanavuja."

"Amesemaje?" mama mmoja aliuliza.

"Amesema hayakuwa yanavuja."

"Eti nini?"

"Mabomba. Hayakuwa yanavuja."

Nilisimama pale jukwaani, kipaza sauti mkononi, nikawasikia wakiambiana safu kwa safu, mpaka ikamfikia yule wa mwisho mlangoni.